Bahasha ya Mwalimu wa Masaka



Kuna bahasha moja ya kaki ambayo nimeishuhudia kila mwisho wa mwezi kwa miaka mitatu. Ninaishi Mwanza, ukuta kwa ukuta na mwalimu wa kike kutoka Masaka, Uganda, anayefundisha hesabu katika shule ya hapo mtaani. Mshahara ukitoka, Jumamosi yake anaamka alfajiri, anapanda daladala hadi stendi, anamtafuta konda wa basi la Bukoba na kumkabidhi bahasha. Ndani mna noti zetu nyekundu za elfu kumikumi.

Konda humpa mwenzake wa Bukoba. Mwenzake huifikisha Mutukula. Pale mpakani kuna kijana anayebadili pesa. Naye huchukua chake, kisha huikabidhi kwa dereva wa teksi. Jumapili jioni, mambo yakienda vizuri, mama mmoja Masaka hupiga simu na kusema neno moja tu: imefika.

Mambo yakienda vizuri, nasema. Enzi za pantoni, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, bahasha iliweza kulala ng'ambo ya maji pamoja na abiria, na mwalimu naye asilale.

Siku moja nilimwuliza, "Mwalimu, kwani benki hakuna?"

Akacheka. "Zipo, baba. Ila konda anakula kidogo kuliko benki."

Jibu hilo limekaa nami muda mrefu. Leo nimeona niwaletee ninyi, wasomaji wa Tanzania na wa Kenya, tulijadili kama watu wa nyumba moja.

Sisi tumezoea kuhesabu pesa inayoingia, na tuna sababu. Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9 hivi. Pesa hiyo inapita ile ya chai, zao tulilokaririshwa shuleni kuwa ndilo la Kenya. Tanzania iko nyuma: takwimu za serikali zilitaja dola bilioni 1.1 kwa mwaka 2022, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Zaidi ya nusu ya pesa ya Kenya hutoka Marekani, na Saudi Arabia nayo imepanda kwenye orodha kwa jasho la mabinti wanaofua na kupika katika nyumba za watu. Ukifika Zanzibar au Tanga hukosi familia yenye mtoto Muscat.

Nani kati yetu hana mtoto, shangazi au jirani aliye huko? Nani hajawahi kusubiri simu ilie?

Lakini pesa inayotoka, je? Maana nasi tuna wageni wanaofanya kazi kwetu. Nairobi wapo akina dada wa kazi kutoka mashariki ya Uganda, Watanzania wanaouza machungwa na vinyago, Wakongo wanaoshona na wanaopiga gitaa. Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar wapo walimu, wahasibu na wasimamizi wa hoteli kutoka Kenya na Uganda. Kigoma wapo vibarua kutoka Burundi wanaovuka msimu wa kilimo ukifika. Kila mmoja ana mtu anayemtazamia.

Pesa yao inapovuka mpaka, pale kijiweni tunasema, "Hao wanahamisha pesa yetu." Umewahi kulisema hilo? Mimi nimewahi. Nilikuwa kijana, nilikuwa na hasira ya kukosa kazi, na hesabu ilikuwa imenipita.

Hebu tuifanye pamoja. Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, hukadiria kwamba kwa wastani mhamiaji hutuma kwao karibu asilimia 15 ya anachokipata. Asilimia 85 hubaki palepale anapofanya kazi. Kwa jirani yangu ninaliona kwa macho: kodi ya chumba anampa mama mwenye nyumba, ambaye ni mzaliwa wa Sengerema, sangara ananunua kwa kijana wa Kirumba, nauli, vocha, mkaa, sadaka ya kanisani. Kabla ya bahasha kufungwa gundi, shilingi nyingi zimeshakaa Mwanza.

Na hata ile iliyoondoka iliacha kitu. Mjukuu wangu sasa anajumlisha sehemu zenye asili tofauti bila kuhesabia vidole. Baba yake lilimshinda hilo mpaka leo.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza Ujamaa, na sisi tunapenda kuikumbusha kila mgeni akikawia. Sawa. Lakini akishalishika jembe akalima, ujira wake ni wa nani? Methali inanyamaza hapo. Nadhani wazee waliona hakuna haja ya kuuliza.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalijengwa na manamba waliotoka Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mtu alipewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, akakata mkonge mpaka siku zote za kazi zikatimia ndipo akalipwa, na sehemu ya mshahara ikafungwa kwenye kitambaa ikisubiri safari ya kurudi. Pwani ya Kenya nako Wamakonde walivuka kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wengi hawakurudi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kwale bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kuomba kutambuliwa, na serikali ya Kenya ikawapokea kuwa raia.

Ninawataja Wamakonde kwa sababu nadhani wanatufunza jambo kuhusu pesa inayotoka. Mgeni anayetuma pesa kwao bado ana kwao. Ana mama, ana kiwanja anachokijenga tofali kwa tofali, ana siku aliyopanga kurudi. Ni yule asiye na pa kutuma anayehitaji kuhurumiwa zaidi.

Sasa nirudi kwenye konda na benki, maana hapo ndipo penye kidonda.

Benki ya Dunia hupima gharama za kutuma pesa kati ya nchi na nchi. Kipimo chake ni dola 200, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida anaweza kukikusanya. Jumuiya ya kimataifa ilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama hiyo iwe chini ya asilimia 3, na pasiwe na njia inayozidi asilimia 5. Je, mnajua ni njia zipi zimekuwa zikitajwa mwaka baada ya mwaka miongoni mwa zile ghali kupita zote duniani? Ni kutoka Tanzania kwenda kwa majirani zetu: Uganda, Kenya, Rwanda. Vipimo vimewahi kuonyesha zaidi ya asilimia 20. Katika dola 200, dola 40 na ushee zinaishia njiani. Kwenda Masaka tu hapo!

Mwalimu hakuwa amesoma ripoti yoyote. Alifanya hesabu, na kumbe hesabu ndiyo kazi yake.

Kwa nini iwe hivyo? Benki ikituma pesa kidogo nje hutoza ada ileile, au karibu ileile, ambayo ingetozwa kwa pesa nyingi. Kisha shilingi yetu mara nyingi hugeuzwa dola kwanza, na dola igeuzwe shilingi ya Uganda, na kila mgeuzo una mkono unaochota. Nchi zetu zilikwisha kuunganisha mifumo ya benki kuu, zaidi ya miaka kumi iliyopita, ili pesa ivuke kwa sarafu zetu wenyewe. Ni jambo jema, ila kwa sehemu kubwa limewafaa wenye biashara. Mwenye laki mbili bado yuko stendi.

Upande wa Kenya kuna nafuu. M-Pesa ilianza huko mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na watu wa Kenya wakaizoea simu kama mfuko wa shati. Mwaka 2014 Tigo ya Tanzania ilianza kuvusha pesa ya simu hadi Rwanda, na mwaka 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zikaunganishwa. Nilipokwenda kumsalimu binamu yangu Nairobi, nilimwona dada wao wa kazi, msichana wa Mbale, akituma pesa kwao huku mwiko uko mkononi. Ugali haukuungua.

Lakini binamu akaninong'oneza: laini ile ilisajiliwa kwa jina la mama mwenye nyumba. Msichana alikuwa hana karatasi za kusajilia yake. Siku wakikosana, au mama akisafiri na simu ikafungwa, nani atamfungulia akiba yake?

Kumbe hata jirani yangu tatizo lake lilikuwa hilohilo. Angeweza kuvusha pesa kwa simu kama angekuwa na laini ya jina lake. Tangu usajili wa alama za vidole uanze hapa kwetu, kila laini inataka utambulisho wa mwenyewe, na yeye laini aliyokuwa nayo aliazimwa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa takwimu wataniunga mkono. Benki kuu zina daftari la malipo kati ya nchi na nchi: upande mmoja kinachoingia, upande mwingine kinachotoka. Pesa ya simu na ya benki inaonekana humo. Bahasha ya konda haionekani. Kwa hiyo ukilinganisha Kenya na Tanzania kwa daftari peke yake, unaweza kupotea njia. Nchi ambayo wageni wake wanatuma kwa njia halali itaonekana ndiyo inayovuja, na ile ambayo pesa yake inapita chini ya kiti cha basi itaonekana imebana mkanda. Kiongozi anayesoma daftari hilo atapanga vibaya, bila kosa lake.

Basi mtu akikuambia nchi fulani inapoteza pesa nyingi kupitia wageni, mwulize kwanza: umehesabu na bahasha?

Mwaka 2025 Marekani ilipoanza kuzungumza kuhusu kodi juu ya pesa wanazotuma wahamiaji, mnakumbuka tulivyoshtuka? Pendekezo lilianza na asilimia 5, likashuka hadi 3.5, na sheria ilipopita mwezi Julai ikabaki asilimia 1 kwa wanaotuma kwa fedha taslimu, kuanzia Januari 2026. Nairobi watu walipiga hesabu usiku kucha. Kwenye daladala nilimsikia mama mmoja akisema, "Wanataka kula hadi ada ya shule ya mtoto wangu."

Alikuwa na haki. Nilitamani kumwuliza, kwa upole: na yule mwalimu wa kutoka Masaka, ambaye angekatwa dola 40 katika kila 200 kama angepitia benki zetu, tulimlilia lini?

Simlaumu mama yule. Wala benki siilaumu, wala serikali. Serikali zetu zimewahi kutusikia. Watanzania, mnaikumbuka tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021? Tulisema, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kulegezwa. Wenzetu Wakenya nao wameona ushuru wa ada za kutuma kwa simu ukifika asilimia 15 mwaka 2023, na wanaendelea kusemezana na wakubwa wao. Hayo yana mahali pake. Pia kila nchi ina haki ya kupanga mgeni afanye kazi gani. Tanzania iliorodhesha mwaka 2025 aina 15 za biashara za kubaki kwa raia, na Wakenya wengi walilalamika. Mimi leo sigusi huko. Ninamzungumzia yule ambaye tayari yuko kwetu, ana kibali au anakifuatilia, na anatufanyia kazi.

Tuanze na wewe mwajiri. Una mfanyakazi kutoka nchi jirani? Mlipe tarehe ile uliyomwambia. Najua biashara ina mawimbi, lakini anayetuma pesa nje hupoteza mara mbili ukimchelewesha: anakosa basi la Jumamosi, na mpakani anakuta bei ya kubadilisha imegeuka. Msaidie kufuatilia kibali chake cha kazi, hata kwa kumpa ruhusa ya siku moja aende ofisini. Pasipoti yake iache mkononi mwake. Tunachukia binti zetu wanaponyang'anywa za kwao Ghuba, sivyo?

Mama mwenye nyumba wa Nairobi, uliyesajili laini kwa jina lako: ulifanya kwa wema, najua. Sasa fanya wema wa pili. Mwandalie binti siku ya kwenda kushughulikia karatasi zake, asajili ya kwake, na ile yako uirudishe kwako. Ikitokea shida yoyote kwenye laini ile, jina lako ndilo litakaloitwa.

Wakala wa pesa, wewe ndiye ninayekutegemea kuliko wote. Watu wengi wanaona ada tu. Tuseme mtu anatuma shilingi 200,000. Ada ya 6,000 ataiona kwenye ujumbe na atanung'unika. Lakini kiwango cha kubadili kikiwa kibaya kwa asilimia 5, shilingi 10,000 zaidi zimekwenda kimya kimya, na hakuna risiti inayozitaja. Mwambie mteja wako aulize swali moja: "Nikituma kiasi hiki, mama atapokea shilingi ngapi za kwao mkononi?" Jibu la swali hilo ndilo bei halisi. Mteja akilipata kwako, mwezi ujao atarudi kwako.

Makonda na madereva, msinielewe vibaya. Nyinyi mmekuwa posta ya wanyonge, na wengi wenu ni waaminifu kuliko watu wenye tai. Lakini bahasha haina risiti. Basi likipata ajali, au majambazi wakilisimamisha, mtu hana pa kwenda kudai. Ukiona abiria wako ana njia salama zaidi, mwelekeze. Mizigo ya kubeba haitaisha.

Na wewe unayetuma, uwe Mganda Mwanza au Mtanzania Nairobi: ukiweza kutuma mara moja kwa mwezi badala ya mara nne, utaokoa ada tatu. Ongea na wa nyumbani wapange matumizi. Nao wakuandikie, hata kwa penseli kwenye daftari la shule, kila kilichofika na tarehe yake. Ugomvi mwingi wa ndugu ninaoujua ulianza na pesa ambayo mmoja aliituma na mwingine hakuikumbuka.

Sisi tunaobaki kijiweni tuna kazi ndogo kuliko wote. Mtu wa takwimu akija kubisha hodi, na akauliza kama nyumbani kwako kuna anayetuma au kupokea pesa nje, mjibu kweli. Benki Kuu ya Kenya iliwauliza Wakenya wa nje mwaka 2021 wanatumaje na kwa nini, na majibu yao yalisaidia kuonyesha gharama ziko wapi. Mgeni wako naye mtoe hofu ili ajibu. Anayeogopa kuhesabiwa atabaki kwenye bahasha.

Sasa nimalizie habari za jirani yangu. Mwezi Machi mwalimu mkuu wa shule yao aliketi naye, wakapitia karatasi zake za kibali moja baada ya nyingine, akamwandikia barua ya utambulisho. Alikwenda mara mbili, akarudi na laini yenye jina lake. Mwisho wa mwezi alituma kwa simu akiwa ameketi kwenye kizingiti changu, mjukuu wangu akimsomea tarakimu. Alikatwa kidogo kuliko alivyokuwa akikatwa Mutukula.

Dakika mbili hazikupita, mama yake akapiga. Safari hii alikuwa na maneno mengi: alitaka kujua kwa nini pesa imefika mapema hivyo, na kama binti yake anaumwa.

Jumamosi iliyofuata nilimwona tena alfajiri akielekea stendi na kifurushi kwapani. Nikamwita, "Mwalimu, tena?"

"Ni kitenge, baba," akasema. "Hicho simu haijaweza."